Nusu msimu kwenye benchi la daraja la tatu

Makocha wengi wa Tanzania wakielezea walikotoka, ligi ya mkoa huipita haraka. Juu kuna Ligi Kuu yenye timu 16, chini yake Championship tuliyozoea kuiita Daraja la Kwanza, kisha First League, halafu Ligi ya Mabingwa wa Mikoa. Sisi tulikuwa chini ya hizo zote: ligi ya mkoa, inayoitwa daraja la tatu, mkoa wa Tanga, timu ya mji mdogo wenye stendi moja, soko moja na uwanja wa vumbi unaoteremka kuelekea goli la kusini. Ukishinda kura ya sarafu hapo, hata mtoto wa darasa la pili anajua utachagua goli gani.

Timu niliipokea ligi ikiwa katikati. Kocha aliyenitangulia alichoka kudai nauli, akarudi kwenye shughuli zake bila kugombana na mtu. Katibu akanipigia simu kwa sababu mbili: niliwahi kucheza mpira kwa miaka kadhaa pale Tanga mjini, na nina leseni D ya CAF, ambayo ndiyo ngazi ya kwanza ukiwa unapanda kwenda C, B, A na Pro. Kwa pale mjini leseni ile ilinifanya profesa. Mkataba ulikuwa wa mdomo. Mwenyekiti, mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi, alinishika mkono akasema, "Mwalimu, sisi tunataka tupande tu. Mengine tutaongea." Mzee kama yule huwezi kumwomba aandike.

Nikapewa karatasi yenye majina ya wachezaji waliosajiliwa. Ilikuwa karatasi nzuri, imepigwa chapa na mhuri juu. Siku ya kwanza ya mazoezi, saa kumi jioni, walikuja wachache kiasi kwamba tukishagawana timu mbili kila upande haukufikisha hata safu ya ulinzi. Nahodha, kijana mrefu anayekata mkonge kwenye shamba la jirani, akaniambia bila aibu, "Leo wamekuja wengi, mwalimu."

Hapo ndipo kazi yangu ilipoanza, na kwa kweli ndipo ilipobaki mpaka naondoka. Kwenye kozi tunafundishwa mifumo: 4-3-3, 4-4-2, jinsi ya kukaba kuanzia juu, jinsi ya kutoka na mpira nyuma. Yote ni kweli na yote yanafaa, ila yanaanza na dhana kwamba wachezaji wapo. Daraja la tatu mchezaji anakuwepo pale ambapo maisha yake yamemwachia nafasi, na kocha asiyejua nani anafanya kazi gani, saa ngapi, kwa bosi yupi, hana timu. Ana karatasi yenye mhuri.

Nikaanza kuzunguka, kijiwe kwa kijiwe. Mabeki wawili wa kati walikuwa bodaboda wa kijiwe kimoja karibu na stendi. Beki wa kushoto naye bodaboda, kijiwe cha hospitali. Kipa alikuwa anauza supu na chapati kuanzia alfajiri, akimaliza mapema asubuhi analala mpaka mchana. Namba sita, yaani kiungo mkabaji, alikuwa fundi pikipiki, kibanda chake kinatazamana na kile kijiwe cha stendi. Upande wa pili kulikuwa na wakata mkonge, wanaoingia shambani kabla jua halijachomoza na kutoka mchana, pamoja na wanafunzi wawili wa sekondari wenye kasi ya ajabu na mama zao wenye msimamo mkali kuhusu masomo.

Sasa tazama ratiba. Bodaboda anapata pesa asubuhi watu wakienda kazini na shuleni, na jioni wakirudi. Saa kumi jioni ndiyo kwanza abiria wanaanza kumiminika, na pikipiki nyingi si zao. Kila siku lazima wapeleke hesabu kwa mwenye chombo. Kumwambia mtu huyo aje uwanjani saa kumi jioni ni kumwambia achague kati yangu na bosi wake, na mimi nilikuwa simlipi chochote. Lakini kuanzia saa tatu asubuhi wateja hukatika, na mpaka karibu adhuhuri vijana wanakaa kijiweni wanacheza drafti. Wakata mkonge na wanafunzi saa hiyo hawapatikani hata kwa mtutu.

Nikafanya mazoezi mara mbili: kundi la asubuhi saa tatu, kundi la jioni saa kumi. Duka langu la madaftari mke wangu aliniambia atalishika, akaongeza maneno mengine ambayo si ya kuandika hapa. Siku pekee ya kuwakutanisha wote ikawa Ijumaa baada ya swala, kwa sababu Tanga Ijumaa mchana mji wenyewe hupoa, na mwenye pikipiki naye yuko msikitini.

Mwenyekiti aliposikia alicheka sana. "Mwalimu, umetuundia timu mbili?"

Nilikuwa nimemuundia moja, ila kwa namna ambayo sikuiona kwenye kitabu chochote. Kama watu hawakutani, usiwape kazi inayowataka waelewane. Kwa hiyo niliacha kupanga kikosi kwa kuangalia nani bora katika kila namba. Nilipanga kwa saa. Kipa, mabeki wote wanne na namba sita walitoka kundi la asubuhi. Washambuliaji na viungo wa mbele walitoka kundi la jioni. Beki wa kulia aliyekuwa hodari kuliko wote alikuwa mkata mkonge, nikampeleka mbele kuwa winga, na nafasi yake akaichukua kijana wa kuuza nyanya asiye na kipaji kikubwa lakini anayeamka na wenzake.

Tatizo lilikuwa nahodha. Yeye alikuwa namba tano, beki wa kati, tena namba tano ya heshima, na alikuwa wa kundi la jioni. Nilipomwambia atacheza namba tisa, mshambuliaji wa kati, alinyamaza muda mrefu. "Mwalimu, mimi ni beki tangu shule ya msingi." Nikamwambia sitaki afanye ufundi wowote, nataka akae katikati ya mabeki wao na kona zote azifuate yeye. Mpira wa daraja lile huenda juu sana kwa sababu chini kuna mashimo, na mtu mrefu asiyeogopa viwiko ana thamani kubwa pande zote mbili za uwanja. Alikuja kufunga kwa kichwa, tena kwa kona, mbele ya watu wa kwao waliotoka shambani na lori. Baada ya hapo sikusikia tena habari za shule ya msingi.

Safu ya ulinzi ndiyo iliyonifurahisha zaidi. Wale watu walikuwa wakishinda pamoja kijiweni, wanajuana nani mvivu, nani mkali, nani akikosea hapendi kuambiwa. Mazoezi yao yalikuwa mafupi, saa moja na kidogo, na nusu yake tulitumia kwenye jambo moja tu: nani anatoka kumfuata mshambuliaji na nani anabaki. Wakirudi kijiweni wanaendelea kubishana juu ya jambo lile lile na abiria wakiwasikiliza. Nadhani hakuna mwalimu wa Ligi Kuu anayepata saa nyingi za namna hiyo. Magoli ya kufungwa yalipungua kabla sijafundisha chochote cha maana.

Ila kuna kitu kiliendelea kutusumbua. Tukicheza vizuri kipindi cha kwanza, kuanzia dakika ya 60 hivi miguu inaisha. Watu wa kamati wakasema pumzi, wakimbizwe zaidi. Mimi nikawauliza wachezaji mmoja mmoja walikula nini na saa ngapi. Siku ya mechi, hasa ya ugenini, tulikuwa tunakusanyika stendi asubuhi, tunapanda Kosta, tunafika, tunasubiri. Mechi saa kumi jioni. Wengi mlo wao wa maana wa mwisho ulikuwa ugali wa jana usiku, na asubuhi chai na kipande cha muhogo. Mtu huyo huwezi kumdai pumzi ya dakika 90.

Kulikuwa na mama ntilie pale stendi ambaye mwanawe alikuwa winga wetu wa akiba. Nilimfuata, nikamwamkia, nikamweleza. Akasema, "Mwanangu, mchele nyinyi, kupika mimi." Tukawa tunakula wali na maharage saa tano asubuhi kabla ya kuondoka, na mechi za mbali tunabeba kwenye ndoo yenye mfuniko. Mchele ulitoka kwa mashabiki watatu wa sokoni waliokuwa wakipeana zamu. Sikubadilisha zoezi hata moja la pumzi, na zile dakika za mwisho zikawa zetu.

Barabara nazo zina lao. Mtu akikuambia mkoa wa Tanga anaweza kudhani ni kupanda gari na kushuka. Kutoka tambarare za mkonge mpaka Lushoto unapita Mombo, halafu barabara inapanda milima kwa kona zisizokwisha, na kijana aliyekula wali saa tano anafika juu akiwa ameurudisha. Tulijifunza kwamba safari ya Lushoto watu wale baada ya kufika. Kilindi ni mbali kiasi kwamba ukipangiwa mechi huko lazima ulale, na kulala ni pesa, na pesa ni mwenyekiti.

Hapa niseme neno kwa ajili ya mwenyekiti, kwa sababu simulizi za makocha huwa zinawafanya watu hawa mashetani. Mzee yule alilipa Kosta kwa pesa ya saruji. Ada za waamuzi zikitakiwa, mfuko uliofunguliwa ni wake. Siku mashabiki wakitoka uwanjani wakitukana, walipita mbele ya duka lake, si langu. Na ana umri wa kukumbuka mwaka 1988, Coastal Union ilipochukua ubingwa wa nchi na mkoa mzima ukalala barabarani. Mtu wa Tanga aliyeiona siku ile hawezi kukubali kwamba daraja la tatu ndiyo saizi yake. Anapokuharakisha, anaharakishwa na kitu hicho.

Kamati ya ufundi nayo ilikuwepo, na wasomaji wanaojua mpira wetu hawahitaji kuelezwa kwamba haikuwa na uhusiano na mbinu za mchezo, ilishughulika na mambo ya uganga. Siku moja kabla ya mechi kubwa wazee wawili walitaka wachezaji wote walale nyumba moja, wasionane na mtu, wasipeane mikono na watu wa nje, na kesho yake tuingie uwanjani kwa upenyo wa ua wa nyuma badala ya geti. Hata klabu za Ligi Kuu hupigwa faini kwa kukwepa milango rasmi, kwa hiyo tusiwacheke wazee wa mji mdogo. Mimi sina imani na mambo hayo. Lakini nilipopiga hesabu niliona wanachonipa: kundi la asubuhi na kundi la jioni chini ya paa moja, usiku mzima, simu zimekusanywa, wamekula, wamelala mapema. Kambi ambayo mwenyekiti alikuwa ameniambia haina bajeti, kamati ya ufundi iliigharamia bila swali. Usiku ule tulipanga kona na mipira ya adhabu kwa kutumia vifuniko vya soda mezani. Suala la upenyo wa ua nilimwachia katibu, yeye akazungumza nao kwa Kibondei, tukaingia kwa geti.

Kisa cha mwenye pikipiki nacho nisikiache. Mechi zilipokuwa zikiangukia siku za kazi, mabeki wangu wawili wa kati walipoteza pato la mchana mzima na hesabu ilibaki pale pale. Nikaenda kwa tajiri wao. Alinisikiliza vizuri, akakubali siku ya mechi achukue nusu, kwa sharti moja: akae kwenye benchi. Si jukwaani, benchi. Kamisaa wa mechi hamruhusu mtu asiyekuwemo kwenye orodha ya benchi la ufundi, basi katibu akamsajili kuwa meneja wa timu. Alinunua tracksuit yake mwenyewe, rangi ikakaribia kulingana na yetu. Kila beki wake alipogusa mpira alisimama. Mwamuzi wa akiba alikuja kumkalisha mara nyingi kuliko mimi, na kwa kweli alikuwa meneja mzuri: hakuna siku hata moja mabeki wale walichelewa.

Mambo yaliharibika kwa njia ya kawaida kabisa. Tulikuwa tunashinda kidogo, tunatoa sare nyingi, na nafasi ya kusonga mbele ilikuwa bado ipo. Mwenyekiti akaona wakati wa kusukuma umefika. Kabla ya mechi iliyokuwa inaamua mambo, ikaja gari kutoka mjini na vijana watatu wazuri. Wazuri kweli, unamjua mchezaji kwa anavyoupokea mpira. Wawili hawakuwa na leseni za kutuchezea, na wa tatu alikuwa acheze kwa leseni ya kijana wetu anayefanana naye kidogo. Kila aliyecheza ndondo, mashindano ya mtaani, anawajua mamluki, wachezaji wa kukodiwa, na mtaani hakuna anayeshtuka. Ila hii ilikuwa ligi. Timu ikikata rufaa, pointi zinapotea mezani, na kijana wetu mwenye ile leseni anafungiwa kwa mechi ambayo hakuwepo.

Sikumjibu mwenyekiti mbele ya watu. Nilimfuata dukani, nikamwambia orodha ninayoiandika kwa mkono wangu haitakuwa na majina yale. Akasema, "Mwalimu, mimi nimewalipia nauli." Nikamwambia najua, na wakae jukwaani wale wali pamoja nasi. Hakupandisha sauti. Aliendelea kumpimia mteja misumari. Mechi tukatoa sare, na sare haikutosha.

Siku chache baadaye nilifika uwanjani jioni nikakuta mtu mwingine ana filimbi shingoni. Nahodha alinitazama, akaangalia chini, akaendelea kufunga kamba za viatu. Yule mwalimu mpya alikuja kunisalimia kwa adabu zote. Naye alikuwa hajaambiwa kwamba mimi sijaambiwa. Sikuona haja ya kuleta vurugu mbele ya vijana. Nikaenda kunywa chai kwa mama ntilie, ambaye habari alikuwa nayo tangu asubuhi. "Mgosi," akaniambia, "hapa walimu huondoka, sufuria zinabaki."

Kuondoka haraka kwenye kazi hii si jambo la daraja la tatu peke yake. Kocha Joseph Omog aliipa Azam ubingwa wa Ligi Kuu mwaka 2014, akaipa Simba Kombe la Shirikisho la hapa nchini mwezi Mei 2017, na Desemba ya mwaka huo huo Simba ikatolewa kwenye kombe lile lile kwa penati na Green Warriors, timu ya madaraja ya chini. Kazi ikaishia hapo. Nikisoma habari hiyo huwa namfikiria kocha wa Green Warriors zaidi kuliko Omog. Nani alikuwa kazini siku ile? Nani aliomba ruhusa kwa bosi?

Uingereza nako klabu 92 za madaraja manne ya juu ndizo zinazohesabika kuwa za ligi, na zilizobaki, kuanzia National League kushuka, huitwa za nje ya ligi. Huko chini wachezaji wengi wana kazi nyingine mchana, ndiyo maana klabu nyingi hufanya mazoezi Jumanne na Alhamisi usiku. Mwaka 2005 Paul Gascoigne, aliyewika kwenye Kombe la Dunia la 1990, alikabidhiwa klabu moja ya huko, Kettering Town. Alidumu siku 39. Watu walikuja kumtazama, magazeti yakajaa, na bado ilikuwa timu ya watu wanaotoka kazini. Kipaji cha kocha alipokuwa mchezaji hakimpunguzii fundi umeme zamu yake.

Mimi leo nafundisha vijana wa chini ya miaka 15, wenye ratiba moja inayojulikana, kengele ya shule. Kila ninapoulizwa na kocha mchanga aanzie wapi kwenye timu ya mkoa, namwambia aache mpira kwanza, atembee mtaani na daftari: anafanya kazi gani, anatoka saa ngapi, chombo ni cha nani, anakula wapi. Baadhi wananiona nimezeeka.

Yule mwalimu aliyenirithi alijaribu kuwakusanya wote saa kumi jioni. Baada ya muda akanipigia usiku, akaniuliza lile daftari la zamu bado ninalo. Nilimpigia picha kurasa zote nikamtumia, pamoja na namba ya tajiri wa pikipiki. Nikamwonya asimkatae kwenye benchi.